Nyekundu Hufa Kwanza: Safari ya Mafia

Nyamisati

Anayetaka kuiona Mafia vizuri asiende kwa ndege. Aanzie Nyamisati, kwenye delta ya mto Rufiji, ambako maji ni ya kahawia na mkono ukizama hadi kiwiko vidole havionekani tena. Kutoka hapo mpaka kwenye ukuta wa matumbawe ulio mashariki ya kisiwa si mbali, lakini katika mwendo huo macho hupita karibu kila rangi ambayo bahari inaweza kuivaa: kahawia, kijani chenye matope, kijani safi, feruzi, samawati, mpaka ile bluu nzito ya kilindini.

Nilikwenda katikati ya Oktoba, Kusi ikiwa imechoka na Kaskazi haijaanza, kipindi ambacho watu wa pwani hukiita maleleji. Nilikichagua kwa makusudi. Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Siku hizo nuru hushuka majini wima, na uso wa bahari ukitulia hurudisha angani kama asilimia 2 tu ya nuru hiyo. Iliyobaki yote huingia. Nilitaka kuifuata huko inakokwenda na kuona inapotezea nini njiani.

Tangu alfajiri abiria walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao gatini: magunia ya mchele, mabati, matenga ya kuku, ndoo za kamba waliovuliwa usiku. Mama mmoja aliuza mihogo ya kukaanga na pilipili ya kusaga. Nyuma yetu ilisimama mikoko, misinzi, michu na mililana, sehemu ya msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, na maji yalipita kati ya mizizi yake polepole, mazito.

Udongo uliomo katika maji yale umetoka mbali. Rufiji hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, na pamoja na maji hubeba ardhi ya nyanda za kusini. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, sasa linazuia sehemu ya mzigo huo, lakini kahawia ya delta bado ipo. Nilikuwa na sahani nyeupe ya bati niliyoifunga kwa kamba yenye fundo kila mita. Niliishusha kando ya gati, na kabla fundo la kwanza halijagusa maji sahani ilikuwa imepotea. Ni kipimo cha kale ambacho hakijapitwa na wakati. Mwaka 1865 padri wa Kijesuiti wa Italia, Angelo Secchi, mtaalamu wa falaki, alishusha visahani vyeupe katika bahari ya Mediterania akiwa ndani ya meli ya Papa, akapima kina ambacho jicho linavipoteza. Hadi leo wanasayansi wa bahari wanatumia kisahani chenye jina lake.

Kahawia ile ina sababu mbili. Majani ya mikoko yaliyooza huacha majini rangi ambayo hufyonza bluu mapema kabisa, na chembe za udongo huirudisha juu nuru iliyobaki kabla haijafika mbali. Katika vijito vya delta hii ndimo manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilimojificha mwaka 1914, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakarusha ndege kutoka kisiwani ili ziwaongoze wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai mwaka huo Königsberg ikafikia mwisho wake humo deltani.

Chombo kilipotoka kwenye mdomo wa mto tuliuvuka mpaka ambao hauchorwi kwenye ramani yoyote. Upande mmoja kahawia, upande mwingine kijani, katikati mstari wa povu, majani makavu na maganda ya nazi. Mzee aliyekaa karibu nami aliunyooshea kidole akasema, “Mto umeishia hapo. Kuanzia sasa ni bahari.” Kisha akajifunika kofia usoni akalala.

Kilindoni

Kilindoni ndio mji mkuu wa Mafia tangu Wajerumani walipouhamishia hapo utawala wao mwaka 1913. Ni mji wa barabara chache, minazi mingi, na harufu ya dagaa wanaoanikwa mchangani. Magharibi yake ni mlango wa bahari unaokitenga kisiwa na bara, maji yasiyo na kina kikubwa, yenye rangi ya kijani.

Asubuhi yake tulitoka na mashua kuwatafuta potwe. Huyu ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kuanzia Oktoba hadi Machi huonekana karibu sana na Kilindoni, wakati mwingine mbele ya madirisha ya watu. Nahodha alizima mashine, akasimama omoni akitazama ndege. Walipoanza kujitupa majini pamoja, alisema neno moja tu, “Haya,” nasi tukaingia.

Sikumwona mpaka alipokuwa karibu kunigusa. Katika kijani kile vitu havitokei kwa mbali na kukua kidogo kidogo. Hakuna kitu, halafu kipo. Kwanza lilikuja domo, pana na bapa, limefunguka, dagaa wakilikimbia. Likafuata jicho dogo. Halafu ubavu wenye madoa meupe yaliyopangwa kwa safu, ukapita, ukaendelea kupita, mpaka nikaanza kudhani hauna mwisho. Ngozi yake ya kijivu ilionekana ya kijani kwa sababu hapakuwa na nuru nyingine ya kuiangaza.

Nilipopanda tena mashuani nilishusha sahani yangu. Ilipotea baada ya mafundo machache. Kijana aliyekuwa ameshika usukani aliniuliza kama maji haya ni machafu. Swali lake lina jibu ambalo wageni wengi wanaokuja Mafia kufuata bluu ya picha hawalijui. Kijani hiki ni uhai. Majini humo mna mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa macho, na ndani yake klorofili ile ile iliyomo katika jani la muhogo. Klorofili hula nuru nyekundu na bluu, huiacha kijani ipite. Penye mimea hiyo pana vijidudu vinavyoila, penye vijidudu pana dagaa, na penye dagaa pana potwe. Bluu tupu ya bahari kuu ni rangi ya maji yenye njaa. Ndiyo maana mataifa hutumia fedha nyingi kuitazama rangi ya bahari kutoka angani. Setilaiti ya Marekani iitwayo PACE, iliyorushwa Februari 2024, kazi yake mojawapo ni kusoma katika rangi hiyo mahali chakula kilipo na aina ya mimea iliyopo.

Zamani watu walidhani potwe hawa huja Mafia na kuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vidogo vya sauti vilivyofungwa mwilini mwao, ulionyesha kwamba wengi hawaendi popote. Miezi ya Kusi husogea tu mbali kidogo na pwani na kushuka chini zaidi, ambako jicho la mtu aliye juu haliwafikii.

Utende

Kutoka Kilindoni barabara hukata kisiwa kuelekea kusini mashariki, katikati ya minazi, mikorosho na miembe. Nazi ndiyo iliyoitajirisha Mafia ya wakati wa mashamba ya Waarabu, na hata leo ni vigumu kupata chungu cha Mafia kisicho na tui. Utende tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka, halafu madafu, halafu tukatembea mpaka ufukweni.

Hapa ndipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ina kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu, katika vijiji, wakivua. Mbele yake ni ghuba ya Chole, bakuli kubwa la maji ya kina kifupi lililozungukwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Wakati wa bamvua maji hukupwa yakaacha mashua zimelala ubavu, na wanawake wakatembea mahali ambapo asubuhi samaki walikuwa wakiogelea.

Nahodha aliyenichukua Utende alikuwa mzee aliyelelewa baharini, na mjukuu wake wa kidato cha tatu alikuwa baharia wake siku za mapumziko. “Shikamoo nahodha,” nilisema. “Marahaba, mwanangu. Umekuja kuogelea?” Nikamwambia nimekuja kutazama rangi. Hakucheka. Alinikalisha omoni akaanza kunifundisha huku tanga likishika upepo.

“Ukiona weupe chini, huo mchanga, pita. Ukiona weusi unaotambaa, hayo majani ya bahari, pita tu lakini angalia maji yanakupwa au yanajaa. Ukiona kahawia yenye kingo, huo mwamba, geuza. Na ukiona bluu, hapo hata bildi haikupi jibu.”

Alisoma njia namna hiyo kwa muda wote wa safari, bila kutazama chochote ila maji. Kila alichoniambia kina sababu yake katika nuru. Juu ya mchanga mweupe, nuru hushuka mita chache na kurudi, ikiwa imepoteza wekundu wake kidogo tu, hivyo jicho huona feruzi. Kina kikiongezeka safari ya kwenda na kurudi inakuwa ndefu, rangi nyingi zaidi zinabaki njiani, na feruzi inakolea mpaka kuwa samawati. Kilindini nuru haifiki sakafuni. Kinachoturudia ni ile kidogo iliyotawanywa na maji yenyewe, nayo ni bluu.

Nilishuka majini penye mchanga, mahali kichwa kinazama tu. Sakafuni nuru ilikuwa inasuka jarife, macho yake yakitanuka na kujikunja kila wimbi dogo lilipopita juu, kwa sababu kila kilele cha wimbi hukusanya mwanga na kila bonde huutawanya. Nikageuka chali. Ajabu hii kila mtu anayejua kushika pumzi anaweza kuiona bure: mbingu nzima, kutoka upeo wa mashariki hadi wa magharibi, minazi ya Utende, tanga letu, mawingu, vyote vimejikusanya ndani ya duara moja juu ya kichwa. Nje ya duara uso wa maji unageuka kioo kinachoonyesha sakafu ya bahari. Nuru inapoingia majini hupunguza mwendo, kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde hadi kama 225,000, na kwa kupunguza mwendo hupinda. Mbingu yote inalazimika kupita katika dirisha la upana wa nyuzi 97 hivi. Kwa mpindo huo huo samaki huonekana majini mkubwa kwa theluthi kuliko alivyo, na karibu zaidi kwa robo.

Mlango wa Kinasi

Ghuba ya Chole huvuta pumzi kupitia Kinasi. Maji yakijaa, bahari kuu huingia kwa nguvu kupitia mlango huu, safi na baridi kidogo. Yakikupwa, ghuba hutoa nje maji yake yenye mchanga na uchafu wa majani. Kwa hiyo wanaozamia hapa hufuata maji kujaa. Tulisubiri nje ya mwamba, nanga imeshika, mpaka nahodha alipotia mkono majini na kusema yamegeuka.

Nilikuwa na kitambaa nilichoshonewa Kariakoo, vipande sita vya rangi vimeunganishwa kwa mstari: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, bluu na cheupe. Kijana, mjukuu wa nahodha, alikigeuza geuza akazitaja rangi za upinde wa mvua kwa mpangilio, bila kukosea, pamoja na nili na urujuani. Kitabuni mwao pana picha ya prizimu. Nikamuuliza kama ameshawahi kuziona rangi hizo zikitengana. Akasema hapana, shule yao hawana prizimu.

Nilishuka na mtungi wa hewa mgongoni, kitambaa mkononi.

Katika mita za mwanzo hakuna kinachobadilika, au ndivyo ubongo unavyokuambia, maana ubongo hujua nyekundu inatakiwa iweje na hujitahidi kuirekebisha. Lakini nilipofika mita 5 nilikitazama kitambaa kwa makini, na kile kipande chekundu, kilichokuwa kinawaka juani mashuani, kilikuwa kimepoa na kuwa hudhurungi. Mita 10, kahawia isiyo na uhai. Chungwa lilikuwa limeanza kuifuata. Nikaendelea kushuka kando ya ukuta, kangaja na pono wakinipisha, mkondo ukinisukuma polepole kuelekea ghubani. Baada ya kupita mita 20 nilisimama. Nyekundu ilikuwa nyeusi. Si nyekundu iliyokolea, bali nyeusi kabisa, kama vile kipande hicho kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye buibui. Chungwa limekuwa zaituni chafu. Manjano yamepauka. Kijani kingali hai. Cheupe kimekuwa samawati, na bluu ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki vile vile ilivyotoka dukani.

Nikawasha tochi. Nyekundu ikafufuka papo hapo.

Ukutani, chini ya mwamba uliojitokeza, alikuwa amesimama chewa. Kabla ya tochi nilimwona kuwa samaki mweusi mwenye vidoa vya bluu vinavyong'aa. Mwanga ulipompiga, mwili wake wote ulikuwa mwekundu wa kung'aa, wekundu wa pilipili iliyoiva. Akanitazama, akarudi nyuma shimoni. Rangi ile nzuri haikuwekwa ili ionekane. Mahali nyekundu haifiki, mwekundu ni asiyeonekana, na samaki wengi wa maji ya kina kirefu wamevaa rangi hiyo kwa ajili ya kujificha.

Kinachotokea ni hiki. Molekuli ya maji, atomu moja ya oksijeni iliyoshikana na mbili za haidrojeni, hutikisika daima. Mawimbi ya nuru nyekundu hukubaliana kwa kiasi fulani na mtikisiko huo, kwa hiyo maji huyapokea na kuyageuza joto. Mawimbi ya bluu hayakubaliani nayo, hivyo hupita. Nyekundu karibu yote huisha katika mita 10 za mwanzo, chungwa huifuata, kisha manjano, kisha kijani, na katika maji safi kabisa bluu huweza kuonekana hata kupita mita 200. Wala si kina peke yake kinachohesabiwa. Maji hayajali kama nuru inashuka au inakwenda kando. Samaki mwekundu aliye mita 3 chini lakini mita 8 mbele yako ameshapoteza wekundu wake kwa urefu wa njia yote.

Kwa muda mrefu wasomi wakubwa walisema vingine. Lord Rayleigh wa Uingereza aliandika kwamba bluu ya bahari ni mbingu tu inayoakisiwa. Mwaka 1921 Mhindi mmoja, C. V. Raman, alikuwa anarudi nyumbani kutoka Uingereza kwa meli ya Narkunda. Akiwa sitahani alitumia prizimu ndogo kuondoa nuru ya mbingu inayoruka juu ya maji, na badala ya bahari kufifia, bluu yake ikazidi. Akajua bluu inatoka ndani ya maji yenyewe. Swali hilo alilobeba kutoka baharini lilimfikisha kwenye ugunduzi wa mwaka 1928 unaoitwa kwa jina lake, na Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Kila nahodha wa Jibondo angeweza kumwambia kwamba siku ya mawingu mazito kilindi hakiwi cheupe.

Chini yangu ukuta uliishia kwenye mchanga, na upande wa bahari kuu sakafu iliendelea kuteremka mahali nisipoweza kufuata. Huko, kwenye mapango yaliyo mita mia na zaidi chini, katika pwani hii hii yetu, anaishi silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mifupa ya mawe tu mpaka alipovuliwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanzania walianza kumpata mwaka 2003, na Tanga imetengewa hifadhi yake. Macho yake hayana uwezo wa kuona nyekundu wala manjano. Yanasoma sehemu nyembamba tu ya bluu, karibu na ile pekee inayomfikia. Mwaka 1934 Wamarekani wawili, William Beebe na Otis Barton, walishushwa ndani ya tufe la chuma karibu na Bermuda hadi mita 923, na Beebe akiwa dirishani aliandika namna rangi zilivyomwacha moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nimeona mwanzo tu wa safari hiyo, na ulitosha kunitetemesha.

Nilipotoka majini nilimpa kijana miwani na kitambaa. Akavuta pumzi, akafuata kamba ya nanga. Alikaa chini muda ambao babu yake aliacha kuzungumza. Aliporudi juu alishika ukingo wa mashua, akapumua, halafu akasema: “Mwaka jana nilijikata mkono kwenye chaza nikichomoa nanga. Damu ilitoka ya kijani. Nikaogopa, sikumwambia mtu.” Babu yake akauchukua ule mkono, akautazama mahali palipobaki kovu, akauachia.

Jibondo

Jibondo ni kisiwa cha jiwe. Udongo wake ni haba na maji matamu ni ya kukinga mvua au ya kuletwa kwa mashua, hivyo watu wake wameishi kwa bahari na kwa kuunda vyombo. Ufukweni jahazi jipya lilikuwa limesimama juu ya magogo, mafundi wakisindilia pamba kati ya mbao.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na wanawake walikuwa wamefunga khanga viunoni wakihudumia mashamba yao ya mwani. Mwani hufungwa kwa nyuzi fupi kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vijiti, na hukua wiki chache kabla ya kuvunwa. Nilimwamkia bibi mmoja, akaniitikia “Marahaba, mjukuu wangu,” na bila kuacha kazi akanionyesha mafungu matatu: la kahawia inayoelekea wekundu, la kijani, la manjano. Wote ni mwani mmoja, alisema, lakini hawapendi jua kwa namna moja. Wataalamu wanaliweka kundi hili zima katika mwani mwekundu, kwa sababu lina rangi ya ziada inayonasa nuru ya kijani na ya bluu, ile inayofika chini, na kuikabidhi kwa klorofili. Wekundu wa mwani ni chombo cha kuvulia mabaki ya nuru.

Mwambani wengine walikuwa wanachokoa pweza. Huyu naye ana lake. Anabadilika kuwa kahawia, kijivu, mwekundu, mwenye madoa, akafanana na jiwe alilokaa juu yake, ilhali macho yake yana aina moja tu ya chembe za kupokea nuru, na kwa kadiri tunavyoelewa macho hayo hayatofautishi rangi. Jikoni alikuwa amegeuka zambarau. Tulimla kwa tui zito, ndimu na wali, tukakaa kivulini.

Juani na Chole

Juani tulipita magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na haukuinuka tena. Kuta za jumba na misikiti zimeshikwa na mizizi. Nilipapasa ukuta mmoja, nikaona duara ndogo ndogo za tumbawe ndani ya jiwe. Tumbawe ni mnyama, lakini chakula chake kingi hutengenezewa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake, nao hula nuru. Kwa nuru hiyo hupata nguvu ya kujenga jiwe. Waliojenga Kua walijenga kwa jua la karne nyingi lililopita majini.

Kwa hiyo maji yakifukiwa na matope, tumbawe hufa njaa kwa kukosa nuru. Na maji yakizidi joto, huufukuza mwani huo na kubaki jeupe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, mwaka wa El Niño, miamba mingi ya Mafia ilipogeuka myeupe na sehemu kubwa kufa. Mahali pengine pameota tena, pengine ni kifusi mpaka leo.

Chole, mji mkuu wa zamani, tulifika jua likielekea kuzama. Popo wakubwa walikuwa wanaamka kwenye miti yao, wakinyoosha mabawa. Nilizama mara moja zaidi karibu na gati. Juu bado kulikuwa mchana, watoto wakicheza mpira. Chini kulikuwa usiku. Jua likilala, sehemu kubwa ya nuru yake huteleza juu ya maji bila kuingia, na inayoingia husafiri njia ndefu ya mshazari. Siku ya samaki ni fupi kuliko yetu.

Kilindoni, usiku wa giza

Mwezi ulikuwa umeandama karibuni, kwa hiyo lilikuwa giza la wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi hawatoki, kwa sababu dagaa hawana haja ya taa ya mtu mbingu ikiwaangazia. Zamani walitumia karabai. Sasa wengi wana taa za betri na sola, zenye mwanga mweupe wenye bluu nyingi, unaoshuka ndani zaidi kuliko ule wa manjano wa karabai. Tulikaa karibu na taa mpaka maji chini yake yakaanza kumetameta, dagaa wakizunguka kwa maelfu, na wavu ukafungwa.

Baadaye walizima taa. Nilitia mkono majini nikaukoroga, na kila kidole kikawaka bluu. Ni vijidudu vidogo vinavyotoa nuru vikiguswa, na nuru yao ni bluu kwa sababu ndiyo inayokwenda mbali zaidi majini. Mvuvi aliyekuwa kando yangu, aliyeiona kila usiku wa maisha yake, naye akatia mkono.

Walimu wa fizikia wa Mafia, Rufiji, Kilwa, Pemba na pwani yote, nawaomba: msisubiri prizimu. Sahani nyeupe, kamba yenye fundo kila mita, kitambaa chenye kipande chekundu, na mzee mmoja anayejua maji yanageuka saa ngapi. Wapelekeni watoto baharini adhuhuri ya Oktoba, maji yakijaa, wazitazame rangi zikiondoka moja moja kwa macho yao wenyewe.